Wageni wa usiku 10 waliokaa usiku 47: uchambuzi wa kisa cha hoteli ndogo Upanga

Kisa hiki kimetokea Dar mwaka 2025 na mwenye hoteli karidhia kiandikwe ili wenzake wenye hoteli ndogo wajifunze. Majina hayapo, na vitu vichache vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevibadilisha. Mimi huwa napitia mahesabu ya hoteli na gesti ndogo ndogo, hii ni mojawapo, kwa hiyo daftari nimelishika mwenyewe na wahusika wa pale nimeongea nao.

Mazingira

Upanga kwa asiyeijua ni katikati ya jiji lakini ukiingia mitaa ya ndani unasahau kama Kariakoo ipo pua na mdomo. Miti mikubwa, flati za zamani za miaka ya hamsini na sitini, misikiti, shule, wazee wanatembea asubuhi. Sikuhizi maghorofa marefu yanaota kila kona ila usiku bado ni kimya. Na kubwa kuliko yote, hospitali ya Muhimbili iko hapohapo, na ndani ya eneo la Muhimbili kuna MOI ya mifupa na taasisi ya moyo ya JKCI. Watu wanakuja kutibiwa kutoka mikoani na kutoka nje, hasa Komoro, na mgonjwa haji peke yake, anakuja na ndugu, na ndugu lazima walale mahali.

Hoteli yenyewe ni nyumba ya zamani ya ghorofa moja, vyumba tisa, vinne chini vitano juu, lifti hakuna. Mwenyewe ni mama mmoja mstaafu (nitamwita Mama tu, kama wanavyomwita wote pale), nyumba kaachiwa na marehemu mumewe. Wafanyakazi sita: mapokezi wawili wa kupokezana, mpishi, dada wawili wa usafi, na mlinzi. Bei 70,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi, na chai yenyewe ni ya kueleweka, chapati, mayai, supu, matunda. Shoti taimu hapokei kabisa, ukija na mtu saa nane mchana bila begi unaambiwa vyumba vimejaa hata kama vyote viko wazi, na ndo maana majirani hawajawahi kumpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mauzo yake kwa mwaka hayafiki milioni 200, kile kiwango cha kusajiliwa VAT kilichoanza Julai 2023, kwa hiyo VAT hayumo, ila mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, anayo na risiti anatoa.

Kuna kitu kimoja kidogo hapa nakitaja mapema maana ndo mzizi wa kisa chote. Hadi Machi 2025 nyuma ya kaunta kulikuwa na kadi ya bei iliyopigwa lamination, wazawa kwa shilingi, wageni wa nje kwa dola, na chini yake bei ya wiki na bei ya mwezi. Kanuni mpya zilipoanza tarehe 28 Machi zikakataza kutangaza bei na kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, Mama akaing'oa ile kadi fasta kabla hajaja mtu kumuuliza. Hilo sawa. Ila kadi mpya ya shilingi tupu haikuchapishwa. Kila mtu pale alikuwa anaijua bei kichwani, nani angeona haja.

Kilichotokea

Mwisho wa Mei wakaingia wageni watatu kutoka Moroni, Komoro, mgonjwa mwenyewe mzee wa makamo anayekuja kubadilishwa valvu ya moyo, mkewe, na mdogo wake wa kiume. Walielekezwa na familia nyingine ya Kikomoro iliyowahi kukaa pale, mawasiliano yote yalikuwa kwa WhatsApp, sauti tupu, kwa Kiswahili chao kile chenye lafudhi ya Kingazija, lugha ya kwao, ambacho ukitulia unakielewa. Walichukua vyumba viwili vya chini, mzee na mkewe kimoja na mdogo mtu kimoja, wakapewa bei ya 130,000 kwa vyote viwili, wakalipa usiku 10 papo hapo, 1,300,000.

Kwenye kitabu cha wageni, kile chenye mistari ya jina, kabila, unapotoka, unapokwenda, kijana wa mapokezi aliandika kabila Mngazija, anapotoka Moroni, na kwenye anapokwenda akaandika "hospitali". Hiyo ndo karatasi pekee yenye saini yao kwa muda wote waliokaa.

Vipimo vya kujiandaa vikaonyesha mzee ana meno mabovu yenye usaha. Kwa anayeenda kuwekewa valvu hilo sio jambo dogo, wadudu wa kwenye fizi wanaweza kuingia kwenye damu wakaenda kukaa kwenye valvu mpya, kwa hiyo kwanza meno yang'olewe, dawa zimalizwe, ndo upasuaji. Hapo hakuna wa kulaumiwa, utaratibu ndo huo. Ila usiku 10 zilikuwa zinaishia tarehe 8 Juni na upasuaji ukasogezwa hadi wiki ya mwisho ya mwezi.

Idi ya kuchinja iliangukia siku moja kabla ya usiku zao kuisha. Mama akapika pilau, akawaita wageni wote waliokuwepo wakakaa uani kwenye jamvi, na palepale baada ya kula mdogo wa mgonjwa akamwambia, Mama, tutakaa tena, ila hali unaiona, tupunguzie. Mama akamjibu, mwanangu usijali, nyie mtanipa hamsini na tano. Akashukuru, mkewe mzee akashukuru, dua ikasomwa.

Mama alimaanisha hamsini na tano kwa chumba. Wao wakaelewa hamsini na tano kwa vyote viwili.

Na ukiangalia sio ujinga wa mtu yeyote, maana tangu wanaingia bei waliyokuwa wanatajiwa ni ya vyumba vyote kwa pamoja, 130,000. Kwao hiyo ndo ilikuwa namna ya kuhesabu. Kwa Mama aliyezoea kuhesabu kwa chumba, kutoka sabini kwenda hamsini na tano tayari ni punguzo la kutosha, kutoka 130,000 kwenda 55,000 ni kichekesho.

Katikati ya Juni ndugu yao aliyeko Marseille akatuma euro, zikabadilishwa, mdogo mtu akaja kaunta akalipa 900,000. Kijana akapiga risiti ya EFD, kwenye maelezo akaandika "malazi". Basi. Haijulikani malazi ya lini hadi lini. Mdogo mtu akaondoka akijua kalipia zaidi ya usiku 16 yaani karibu mwezi uishe, Mama akaona zimelipwa usiku nane na kidogo.

Kuanzia hapo Mama akawa anasubiri waseme, anaona aibu kudai watu ambao mgonjwa wao anaenda kupasuliwa kifua, na wao hawasemi kwa sababu kwa hesabu yao hakuna cha kusema. Kila asubuhi wanasalimiana vizuri tu. Alafu siku ya kununua dawa fulani pesa ikawa bado haijaingia, mkewe mzee akaja analia, Mama akafungua droo ya kaunta akatoa laki tatu, na kwenye daftari la matumizi ya siku ile kijana akaandika "Mama katoa".

Jikoni nako kulikuwa na yake. Mkewe mzee aliomba awe anapika mwenyewe maana mgonjwa alikuwa hali, Mama akakubali bila kumuuliza mpishi. Mpishi akanuna siku mbili tatu, ananiambia mimi alikuwa anaona kama kafukuzwa kazi kwa adabu. Kilichowapatanisha ni mataba, ambayo kumbe ni kisamvu cha nazi, wakaanza kubishana namna ya kutwanga, huyu anasema majani yatwangwe mpaka yalainike kabisa, huyu anasema yabaki na kijani chake, mwisho wakawa wanatwanga pamoja na chakula kikatosha hadi wafanyakazi.

Upasuaji ukafanyika, ukaenda salama, mzee akatoka wodini mwanzoni mwa Julai. Lakini mtu mwenye valvu ya chuma anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda na lazima damu ipimwe mara kwa mara hadi dozi ikae sawa, ndo aruhusiwe kupanda ndege. Wakasubiri tena.

Sasa Sabasaba. Maonyesho hayo ya biashara yanaanza 28 Juni hadi katikati ya Julai, na kila mwaka Mama ana wafanyabiashara wanne wa Mwanza wanaochukua vile vyumba viwili vya chini kwa usiku kama 12, kwa bei kamili. Walishaahidiwa kwa mdomo tangu Aprili. Tarehe 29 Juni wakapiga simu kusema wameshakata tiketi za basi, ndo wakaambiwa vyumba vina mgonjwa, na vingine saba vyote vimeshajaa. Mmoja alimjibu Mama maneno ambayo sitayaandika.

Tarehe 15 Julai wageni wakaomba bili. Usiku 37 baada ya zile 10. Kwa hesabu ya Mama 4,070,000, toa 900,000, ongeza laki tatu za dawa, jumla 3,470,000. Kwa hesabu yao 2,035,000, toa 900,000, ongeza laki tatu, 1,435,000. Tofauti milioni mbili na ushee, na ndege ni kesho yake.

Maamuzi na sababu zake

Kijana wa mapokezi alishauri wazuie pasipoti mpaka walipe. Mama akakataa hapohapo. Kwanza pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, hoteli haina haki ya kuishika iwe rehani, na wageni wangeenda polisi au ubalozini Mama ndo angeonekana mkosaji. Pili alisema, huyu mzee akikosa ndege akaishiwa dawa hapa kwangu, hiyo milioni mbili itanisaidia nini.

Akafanya kitu kingine. Dar kuna Wangazija wa miaka mingi, wamezaliwa hapa wamezeekea hapa, akamtafuta mzee mmoja wa aina hiyo anayeheshimika msikitini kwao, akamwomba aje akae kati. Mzee akaja jioni, akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akamuuliza Mama swali moja tu: ulisema kwa chumba? Mama akasema nilisema hamsini na tano. Akamgeukia mdogo mtu, wewe hukujiuliza mbona imeshuka hivyo? Akasema nilijua ni baraka ya Idi.

Wakakubaliana 80,000 kwa usiku kwa vyumba vyote viwili. Hiyo inafanya 2,960,000, toa 900,000, jumlisha laki tatu za dawa, 2,360,000. Milioni ikalipwa usiku uleule taslimu, iliyobaki 1,360,000 igawanywe mara tatu, 450,000, 450,000 na 460,000, ndugu yao aishiye Dar atume kwa simu. Safari hii ikaandikwa, nakala mbili, yule mzee akasaini kama shahidi.

Kuhusu Sabasaba, sababu ya Mama kutowahamisha ilikuwa kwamba mgonjwa wa moyo hawezi ngazi na chini vyumba vingine viwili vilikuwa na watu. Na mkewe mzee hawezi kulala chumba kimoja na shemeji yake, kwa hiyo hata zile siku mgonjwa yuko wodini chumba kimoja kisingeweza kurudishwa hivihivi tu.

Matokeo

Awamu mbili za kwanza zimelipwa kwa wakati wake, ya tatu imekuja nusu, 230,000, na nadhani nusu nyingine haiji tena, Mama mwenyewe kaacha kuuliza. Tangu hapo familia tatu za Komoro zimekuja kwa kuelekezwa na hawa, wote wamelipa. Wale wafanyabiashara wanne, wawili wamesharudi kwa safari nyingine, wawili hawajaonekana. Mpishi yupo na sasa kisamvu kiko kwenye menyu.

Uchambuzi

Mtu wa kwanza aliyesikia kisa hiki kwangu alisema Mama kala hasara kwa huruma, biashara sio ya ndugu. Nimelipitia daftari na sikubaliani, au nikubali nusu.

Vyumba viwili na watu watatu kwa siku vinakula kama 30,000 hivi: chai ya asubuhi 15,000, umeme wa LUKU na AC 10,000, kufua na sabuni 5,000. Mishahara inalipwa chumba kiwe na mtu au kisiwe na mtu. Kwa hiyo kwa 80,000 zinabaki 50,000 kila usiku, na hata kwa ile 55,000 waliyoielewa wageni zingebaki 25,000. Juni pale huwa ni vumbi tupu, nusu ya vyumba vinalala wazi. Kwa hiyo Juni yote huruma yake ilikuwa inamwingizia hela ambayo vinginevyo isingekuwepo. Bila punguzo wangehamia gesti ya bei nafuu Magomeni na vyumba vingekaa na feni inazunguka.

Hela imepotea Julai. Vyumba vile viwili kwa watu wa Mwanza vingeleta 140,000, toa gharama kama 26,000, zinabaki 114,000 kila usiku, badala ya 50,000. Tofauti 64,000 mara usiku 12 ni karibu 770,000, na hilo ni zaidi ya mara tatu ya kile kinusu cha awamu ya tatu ambacho kila mtu pale hotelini anakililia. Na hiyo haihesabu wateja wawili wa kila mwaka waliokwenda zao. Deni lilikuwa linaonekana, limeandikwa, linaumiza, wakati Sabasaba ilipita kimya kwa sababu hakuna daftari linaloandika mgeni aliyekataliwa.

Kwa hiyo kosa la kwanza silioni kwenye punguzo, naliona kwenye punguzo lisilo na tarehe ya kuisha. Angesema bei hii ni mpaka 27 Juni alafu tunaongea upya, maongezi yangefanyika kabla ya simu ya Mwanza, na watu wa Mwanza wangeambiwa mapema kabla hawajakata tiketi. Mdogo mtu angeweza kupewa kile chumba kidogo cha juu kilichokuwa stoo ya mashuka, kina kitanda, yeye mgonjwa sio, ngazi anaziweza. Nilipomuuliza Mama akasema wazo hilo lilimjia, ila hakutaka kumwonyesha mtu kuwa kuna mwenye hela zaidi anakuja. Namwelewa, lakini wageni wa hospitali ukiwaeleza jambo mapema wanaelewa kuliko watu wote, maisha yao yote wakati ule ni kupangiwa tarehe.

La pili ni ile kadi ya bei. Hoteli kubwa ikiondoa bei za dola, mfumo wa kompyuta unabaki na bei. Hoteli ya vyumba tisa, mfumo ndo ile kadi. Ilipong'olewa kila bei ikawa maongezi, na maongezi ya siku ya Idi, tumbo limejaa pilau, sio mahali pa kuuliza "kwa chumba au kwa vyote". Karatasi moja ukutani yenye bei ya wiki kwa chumba ingemaliza kila kitu kabla hakijaanza.

Risiti nayo. "Malazi" halina maana yoyote. Kama kijana angeandika malazi vyumba viwili, usiku wa tarehe fulani hadi fulani, mdogo mtu angeng'aka palepale mwezi Juni, na ugomvi ungekuwa wa laki tano hivi badala ya milioni mbili.

Hizi laki tatu za dawa mimi zinanikera kwa namna tofauti. Kutoa ni sawa, ningekuwa mimi pengine ningetoa pia, lakini zilitoka droo ya hoteli mbele ya wafanyakazi ambao mwezi uleule dada mmoja wa usafi alikuwa ameomba advansi ya elfu hamsini akaambiwa asubiri. Alikumbuka na ataendelea kukumbuka. Sasa Mama ana pochi yake pembeni ya mambo hayo, droo ya kaunta ni ya hoteli.

Yaliyokwenda vizuri yasisahaulike. Kukataa kushika pasipoti kulimwokoa na kesi, na pia ndiko kulikomfanya yule mzee wa Kingazija akubali kuja, aliniambia mwenyewe kama angekuta pasipoti zimefungiwa asingekaa kitako. Kumtafuta msuluhishi anayeaminika upande wa pili badala ya mwenyekiti wa mtaa kulimaliza kwa jioni moja jambo ambalo barua na mihuri ingelipeleka hadi ndege iondoke. Na jiko, pamoja na kununa kwa mpishi, ndo lililoleta zile familia tatu, wote walipofika walianza kuulizia kama ni kweli mtu anaruhusiwa kupika. Hakuna hoteli yenye lifti hapo mjini inayoweza kukupa hilo.

Sikuhizi ukiingia pale kuna karatasi ya A4, juu bei ya usiku na bei ya wiki, zote kwa chumba kwa shilingi, chini mistari ya saini. Anayekaa kwa ajili ya matibabu analipa kila Jumatatu, na punguzo lake linaandikwa na tarehe ya mwisho. Vyumba viwili vya chini vimefungwa kwenye daftari kuanzia 28 Juni hadi 14 Julai kwa mwenye kulipa nusu kabla ya mwezi wa tano kuisha. Jikoni ni saa nne asubuhi hadi saa sita, na anayeruhusu ni mpishi.

Kitu kimoja kwenye hiyo karatasi nimembishia: kaweka kwamba mgeni wa matibabu aache dhamana ya wiki nzima siku ya kuingia. Naona itawafukuza haohao anaowataka, maana mtu anayeingia na pesa ya vipimo hana laki tano za kulaza kaunta. Yeye anasema ataangalia hadi Desemba.